Mwana Kupona au Al-Inkishafi: uanze na upi?

Binti wa dada yangu anaolewa baada ya Idi. Juzi alikuja kwangu na kadi aliyopewa kwenye kichenpati. Kadi nzuri, imezungushiwa maua ya rangi ya dhahabu, na katikati wameandika beti tatu za Utendi wa Mwana Kupona. Zote tatu zinamhusu mume: umridhishe, akilala usimwamshe, umpepee. Akaiweka mezani, akaniuliza, "Mama mdogo, hivi huyu bibi hakuwa na lingine la kusema?"

Swali lile limenikaa kifuani wiki nzima. Nimeishi na utendi huu tangu nikiwa msichana, na najua kilichomfanya mtoto aulize hivyo. Kosa si la Mwana Kupona, ni la wanaomkata vipande.

Binti huyo alikuwa anatafuta kitu cha kusoma taratibu jioni, kuhusu mtu na tabia zake, kuhusu wema, lakini kisimpigie kelele. Nikamwekea mezani tungo mbili za zamani, Utendi wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi, nikamwambia achague. Naandika hapa yale niliyomwambia, na mengine yaliyonijia alipokwisha kuondoka, kwa ajili ya yeyote aliyesimama mbele ya tungo hizi mbili akasita.

Jambo la kwanza ni jepesi. Hulazimiki kuchagua kitabu cha kununua, kwa sababu tungo zote mbili, pamoja na Utenzi wa Fumo Liyongo, zimo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri Mulokozi na kuchapishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1999. Utakachochagua ni ukurasa wa kuanzia. Na hilo si dogo, maana ukianza na usiokufaa utafunga kitabu, na wengi wakikifunga hawakifungui tena.

Tungo zote mbili zinatoka kisiwa kimoja, Pate, katika visiwa vya Lamu. Kati yake hakuna umbali unaozidi miaka 60. Zote zimeandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kwa lugha ya kwao, na watunzi wote wawili walikuwa watu wa dini wenye elimu. Ukizisikia zikighaniwa bila kujua unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Lakini zinamtazama mwanadamu kwa macho mawili tofauti kabisa.

Mama mgonjwa na kijana mwenye kalamu

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, mji wa kisiwani Pate uliosumbuana kwa miaka na Sultani wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, mjane wake akamtungia binti yao, Mwana Hashima, msichana wa miaka 17 hivi, wasia wa beti 102. Naye hakukaa sana, alifariki karibu na mwaka 1860.

Beti zinazofungua wasia huo ndizo ambazo hazipo kwenye kadi:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Sogea, binti yangu, ambaye bado ujuzi wako ni mchache. Maradhi yamenishika mwaka mzima, sijapata nafasi ya kukwambia neno jema. Njoo mbele ukae, uje na wino na karatasi.

Tazama kilichomo ndani ya chumba kile. Mama amelala, hawezi tena kuandika au hataki kuandika mwenyewe. Kijana wa kike anaitwa aje na wino. Yaani mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, msichana wa miaka 17 anajua kuandika vizuri kiasi cha kuandikishwa imla ya beti mia na zaidi. Nikiwasikia watu wakisema kwamba wanawake wa zamani walifungiwa gizani, huwarudisha kwenye ubeti huo wa tatu. Na mama mwenyewe hasemi "nisikilize kwa sababu mimi ni mkubwa." Anasema nimeugua mwaka, sikupata kukwambia. Huo ni ugonjwa pamoja na majuto.

Beti za mume zipo, tena si chache. Lakini kabla hazijafika kuna mambo mengine. Kwanza dini. Pili, na hapa ndipo ninapomwona Mwana Kupona alivyowajua watu:

Pili uwa na adabu
na ulimi wa thawabu
uwe mtu mahabubu
kula utakapongia

Uwe na adabu na ulimi mzuri, upendwe kila utakapoingia. Ubeti huu nimeusoma labda mara mia mbili. Zamani niliuona wa kawaida, kama maandishi ya kanga. Siku hizi nauona umeandikwa na mwanamke aliyekwisha kupoteza mume mwenye nguvu, anayejua kwamba yeye mwenyewe anaondoka, na kwamba mtoto wake hatakuwa na jina la baba la kumfungulia milango. Atabaki na nini? Ulimi wake. Neno la mwisho la kuangalia ni "utakapongia", utakapoingia. Mama anaona milango mbele ya mwanawe, nyumba za watu, barabara zisizo na mlinzi, na anamtilia mkononi ufunguo pekee ambao hakuna wa kumnyang'anya.

Kwa Mwana Kupona, basi, wema ni kitu kinachoonekana. Kimo katika salamu, katika namna ya kukaa, katika kujua nani wa kufuatana naye na nani wa kumwepuka, katika kumkumbuka masikini. Hachimbi sana moyo wa mtu. Anaamini kwamba ukizoeza mikono na mdomo, moyo utafuata. Wapo watu wanaojengwa hivyo, na kama wewe ni mmoja wao, utendi huu utakufaa kuliko wowote.

Hata sehemu ya mume inabadilika ukiifikia kwa mguu badala ya kuangushwa juu yake na kadi. Anataja radhi tano ambazo mja anazihitaji apate utulivu wa dunia na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Kisha, baada ya mafunzo yote ya nyumbani, anageuka kumsimulia mtoto jinsi yeye alivyoishi na baba yake, na mauti yalipomjia mzee akamkariria mkewe radhi. Msichana anayeandika maneno hayo ni mtoto wa maiti huyo. Halafu sehemu kubwa ya mwisho ni dua, mama anawaombea watoto na jamaa zake, anaomba apone. Utendi ulioanza kwa maagizo unaishia katika kilio. Hilo pia halimo kwenye kadi.

Mwanamume anayegombana na moyo wake

Al-Inkishafi ni ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, na kwa kawaida huwekwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni fupi, beti zake hazifiki 80, lakini haisomeki haraka. Kila kipande, ukihesabu, utapata mizani, yaani silabi, 11, na pumzi hukatika baada ya mizani ya sita, kama mtu anayepanda ngazi akasimama kidogo. Utendi wa Mwana Kupona una mizani 8 kwa kipande na hukimbia vizuri mdomoni. Ndiyo maana utendi huo umekaa vichwani mwa wanawake wengi wa Lamu bila kitabu, na Inkishafi ikabaki zaidi kwa wanaoghani na wasomi.

Jina lake maana yake ni kufunuka, pazia kuondoka. Na mtunzi anasema wazi kwa nini ameupa utungo wake jina hilo:

na ina nikite Inkishafi
kiza cha dhunubi kinipukiye

Giza la dhambi liniepuke mimi. Hapa ndipo tungo hizi mbili zinapoachana njia. Wote wawili, na sijui kama mtu ataniamini hili ni jambo tamu kiasi gani, wote wawili wanasema wanatunga kidani. Mwana Kupona ana kidani cha lulu na marijani cha kumvika binti yake shingoni. Sayyid Abdallah naye anasema anatunga koja la lulu, analipanga punje kwa punje. Lakini akimaliza kulitunga hamtafuti mtu wa kumvika. Anageuka ndani:

Moyo wangu nini huitabiri
twambe u mwelevu wa kukhitari
huyui dunia ina ghururi
ndia za tatasi huzandamaye

Moyo wangu, mbona hujitafakari? Tungesema wewe ni mwerevu wa kuchagua. Hujui kwamba dunia ina hadaa? Mbona unaandama njia za matata?

Huu ndio ubeti wa kuchukua kama unataka kujua mshairi huyu alimfikiriaje mwanadamu. Haanzi kwa kusema mtu ni mjinga. Anaanza kwa kukiri kwamba moyo ni mwerevu, unajua kuchagua, na bado unachagua vibaya. Ugonjwa wenyewe ni ghururi, kule kuhadaika na kitu unachokijua kabisa kuwa ni hadaa. Nani hajapita hapo? Mimi nimepita, tena macho yakiwa wazi.

Kisha anamwonyesha moyo wake mifano, mmoja baada ya mwingine. Dunia ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, anayeipanda amekwisha kuhasirika. Ni kisima kisicho na ukingo, na pembeni pana ndama dume. Ukisogea anakupiga pembe, na maji huyanywi kamwe. Ni vumbi lile tunaloliona likielea jua linapopenya dirishani, mtu akilishika, akifumbua mkono haoni kitu. Mtunzi hana haja ya kutaja bahari za mbali. Matumbawe ndiyo yanayotoboa vyombo vya kwao, na kisima kipo nyuma ya kila nyumba.

Mifano ikiisha bila moyo kujibu, anaushika mkono, anauingiza Pate yenyewe.

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Majumba yao ya fahari yamekuwa mahame. Makinda ya popo yamening'inia juu. Husikii hisi wala ukelele. Buibui wametanda.

Kama umewahi kuingia katika nyumba ya kale ya mawe kule Lamu, unajua zidaka: ukuta mzima wa chumba cha ndani umechongwa vishubaka kwa safu, vyenye chokaa iliyonakshiwa, na ndani yake zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China ili mgeni aone. Sayyid Abdallah anatuambia zidaka hizo sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi analia ndani ya nyumba. Nilipoziona mara ya kwanza kwa macho yangu nilitia kidole ndani ya kimoja. Kilitoka na chokaa na unyoya. Nilisimama pale nikakumbuka ubeti, na nikaelewa kwamba mshairi hakuwa anatia chumvi. Alikuwa anaripoti.

Watu hao alikuwa anawajua. Anawaita kwa makundi, wako wapi, wako wapi, wale waliotembea wakipinda shingo kwa maringo, waliolala wakiwa na watu wa kuwakanda na wanawake wa kuwaimbia. Wamekwenda kaburini, na anachoeleza juu ya kaburi ni kizito: mchanga, funza, damu na usaha. Baada ya hapo anautajia moyo wake majina ya moto, na hapo utungo unakoma. Wengi wanaamini haukumalizika. Mimi sijali kama haukumalizika. Moyo haukujibu tangu mwanzo, na mtu aliyeuambia yote hayo bila kujibiwa angemalizia kwa neno gani?

Kipi kigumu zaidi

Lugha. Zote ni za Kiamu na Kipate, lahaja za Lamu na Pate, na msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atajikwaa. Lakini kuna njia. Ukiona "nd" mahali pasipotarajiwa, jaribu "nj": ndoo ni njoo, ndia ni njia. Mbee ni mbele, pulika ni sikiliza, kula ni kila, mato ni macho. Na vitenzi vinavyoishia -ile, -ele au -iye vinakueleza jambo lililokwisha: ziwele ni zimekuwa, walaliye ni wamelala. Ukishika haya, nusu ya Mwana Kupona inafunguka bila kamusi. Inkishafi itakutaka kamusi, maana Kiarabu chake ni kingi na baadhi ya maneno wahariri wenyewe hawakubaliani. Usishangae ukiona ubeti mmoja umeandikwa tofauti katika vitabu viwili: nakala za mkono zilikuwa nyingi, na kila mnakili alikuwa na sikio lake. Toleo la Hichens la Al-Inkishafi la mwaka 1939 na lile la James de Vere Allen la 1977 hayafanani kila mahali.

Kuna ugumu mwingine usiohusu lugha, na sitaki kuuficha. Mwana Kupona anamwambia binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo unauma. Pwani ya wakati ule iliishi kwa migongo ya watumwa, naye alikuwa mke wa mtawala. Sayyid Abdallah hana ubeti kama huo, lakini wale waliokuwa wakiwakanda matajiri, hauulizi moyo wake wao walikwenda wapi. Analilia kuanguka kwa walio juu. Kwa hiyo anayetaka kuchagua utungo usio na doa la zama zake hatapata hapa. Nikiwasomea vijana siuruki ubeti wa watumwa. Tunausoma, tunanyamaza, tunauzungumza, kisha tunaendelea. Nadhani kuuruka ni kuwafundisha kwamba mtu mwema haoni vibaya, na hilo si kweli kwa mtu yeyote tunayemjua.

Na beti za mume? Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema zichomwe, na bibi mmoja akisema zifundishwe kabla ya hesabu. Mimi nasema zisomwe mahali pake, kati ya ugonjwa ulio mwanzoni na dua iliyo mwishoni.

Kama hakuna unaokushika

Wapo wasomaji ambao hawapendi wasia wala hawapendi kaburi. Hao nawapeleka Mombasa kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Muyaka anamjua mtu kwa kumsikiliza barazani na sokoni: mwenye kiburi, mwenye deni, rafiki aliyegeuka, mji unaojiandaa kwa vita. Shairi lake la kimya linaanza "Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele" na linafunga ubeti kwa "tahadharini na kimya." Katika maneno yale machache amemweleza mtu mpole anayenuna vizuri kuliko vitabu vizima. Kwake wema hupimwa mbele ya mpinzani. Ni mzuri kwa mtu anayechoshwa na mafunzo.

Na anayetaka Kiswahili cha leo kabisa, yupo Shaaban Robert. Baada ya kifo cha mkewe Amina alitunga tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume, na zote zimo katika Maisha Yangu. Ule wa Hati unaanza "Leo nataka binti / ukae juu ya kiti / ili uandike hati". Umesikia? Ni chumba kile kile cha Mwana Kupona, karibu miaka 90 baadaye, ila sasa aliyebaki ni baba, karani wa serikali ya kikoloni, na mama ndiye aliyekufa. Binti bado anaandika. Shaaban Robert ni mwepesi kueleweka na ana upole mwingi, lakini nikiri kwamba kwangu wakati mwingine anafundisha mno, hakuachii nafasi ya kugombana naye. Mwana Kupona ni mkali zaidi, na ukali wake ndio unaonifanya nirudi.

Mimi ningefanya hivi

Kwa mtu mzima ambaye hana shughuli maalumu mbele yake, ninasema anza na Al-Inkishafi. Sababu yangu ni moja. Sayyid Abdallah hakusemeshi wewe. Anasema na moyo wake, wewe umekaa kando unasikia, na hakuna anayekunyooshea kidole. Ndiyo maana maneno yanaingia. Mtu akituonya tunatafuta kasoro zake. Akijionya mwenyewe mbele yetu tunainamisha kichwa. Ukitoka hapo ukaenda kwa Mwana Kupona, utakuwa umeshajua sauti ya mtu anayezungumza akiona mwisho wake, na maagizo yake hayatakuwa tena maagizo ya mkwe mkali. Utamsikia mama anayeharakisha.

Usianze na ubeti wa kwanza wa Inkishafi, kama wewe ni mgeni. Mwanzo ni sifa za Mungu na Mtume, na ni vizuri, lakini utaufurahia ukirudi. Fungua pale "Moyo wangu nini huitabiri", soma kwa sauti mpaka uvuke zidaka, kisha funga kitabu. Siku nyingine malizia. Usisome za kaburini usiku peke yako kama una msiba wa karibuni. Nilimpa jirani aliyefiwa na mtoto nikidhani namfariji, na nilikosea sana. Beti zile zilimwingia kama mwiba. Kwake ingefaa dua ya mwisho ya Mwana Kupona, ambapo mama anaomba tu.

Kwa kijana wa miaka 15 au 16, msichana au mvulana, Mwana Kupona beti za mwanzo, mpaka kwenye ulimi wa thawabu na kidogo baada ya hapo. Zina kasi anayoiweza na zinamwambia la kufanya kesho asubuhi. Kijana hana haja na mahame, hajapata bado cha kupoteza.

Kwa anayeolewa, Mwana Kupona yote, beti 102, kwa mpangilio wake. Kama hakuna muda wa beti 102, basi msiweke chochote kwenye kadi. Andikeni jina lake tu na mwaka 1858.

Na kwa anayeoa? Hili sijawahi kuulizwa hata mara moja, miaka yote hii. Ningempa Inkishafi, na ningemwomba asome ule ubeti wa wale waliopinda shingo kwa maringo kabla hajavaa joho na kushika jambia.

Binti wa dada yangu nilimwanzisha na mahame. Alisoma akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kidole kikifuata mstari, akaniuliza ukeme ni nini, akaniuliza zidaka zina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa mikono. Alinyamaza kidogo. Halafu akarudisha kurasa mwenyewe mpaka kwa Mwana Kupona, akasoma beti tatu za kwanza bila kuniuliza neno. Kwenye ubeti wa tatu akasita.

"Kumbe aliyeandika ni binti mwenyewe?"

"Ndiye."

Akaisukuma kadi pembeni, akafungua mkoba, akatoa kalamu na lile daftari lake la bajeti ya harusi, akalifungua upande wa nyuma ambako hakujaandikwa kitu.

"Basi soma, mama mdogo. Taratibu."